Greni tatu za baruti: kwa nini kidogo ndicho kigumu kupima

Kipimia baruti cha watu wanaojaza risasi zao nyumbani, kwa kawaida, hakina mizani ndani yake. Kina tundu. Ukivuta mkono wa mashine, tundu hujaa baruti kutoka chombo cha juu, kisha husogea hadi juu ya ganda tupu na kumwaga kilichomo. Mashine haijui uzito, inajua nafasi tu. Ni mwuza dagaa na kopo lake: akilitikisa kabla ya kulisawazisha unaondoka na dagaa wengi, akikujazia harakaharaka unalipia hewa. Ila mwuza dagaa akikosea, hasara ni ya mboga.

Karibu kila hila ambayo watu hufanyia vipimia hivi ili vitoe baruti kidogo inaanzia hapo, kwenye pengo kati ya nafasi na uzito. Anayelielewa pengo hilo anaweza kuitazama hila yoyote na kujua kama inatibu ugonjwa au inauficha.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. Kazi hii ina makao Marekani, ambako sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inahitajika akianza kutengeneza za kuuza. Kwetu hali ni nyingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna kati ya hizo inayomruhusu mtu kufungua karakana ya risasi jikoni kwake. Risasi hutengenezwa na viwanda vya umma kama Mzinga kule Morogoro na kile cha Eldoret. Kwa hiyo makala haya ni ya kueleza jinsi jambo linavyofanya kazi. Hayana kipimo cha kunakili, na hata kwa Mswahili aliyeko Texas, kipimo hutafutwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti.

Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki ndogo ya kuiwasha baruti, iliyobanwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa cha risasi juu. Ganda likishafyatuliwa halijafa. Hurudishwa umbo kwenye presi, hutiwa fataki mpya, humiminiwa baruti, kisha hukazwa kichwa kipya. Baruti hupimwa kwa greni, uzito mdogo sana wa kiasi cha miligramu 65. Ratili moja ina greni 7,000.

Sasa, kwa nini mtu ahitaji greni tatu tu? Jibu liko katika historia. Maganda mengi ya bastola yanayopendwa hadi leo yalibuniwa enzi za baruti nyeusi, ile ya moshi, ambayo hujaza ganda lote. Ganda la .45 Colt la 1873 lilipokea greni 40 za baruti hiyo. Ganda la .38 Special, lililotoka mwishoni mwa karne ya 19, lilianza na greni 21 hivi. Lakini Mfaransa Paul Vieille alikuwa ameshatengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, yenye nguvu kubwa kwa uzito uleule, na baada ya muda ikashika soko lote. Maganda hayakubadilika ukubwa. Likabaki ganda la .38 Special lenye nafasi ya sentimita ya ujazo moja na nusu hivi, na ndani yake baruti ya kisasa inayokaa chini kama kahawa iliyosalia kikombeni.

Wapiga shabaha wa karatasi wanaipenda hali hiyo. Mzigo mdogo wa baruti unasukuma kichwa cha risasi taratibu, bastola hairuki sana mkononi, na kwa greni tatu kila moja ratili ya baruti inatoa zaidi ya risasi 2,300. Wapo pia wanaojazia maganda madogo ya asili, kama lile la .25 ACP la 1905, ambayo hayahitaji hata greni mbili. Hao ndio wateja wakubwa wa mashine zilizochezewa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme kipimia kinakosea sehemu moja ya kumi ya greni, juu au chini. Kwa bunduki ya kuwindia inayokula greni 50, kosa hilo ni asilimia 0.2, hakuna atakayeliona. Kwa bastola ya greni tatu ni zaidi ya asilimia 3. Kwa ganda dogo la greni moja na nusu, linakaribia asilimia 7. Mashine ni ileile, kosa ni lilelile. Kilichopungua ni kile kinachopimwa. Tena vitabu vingi vya baruti huonyesha umbali mdogo kati ya kiwango cha chini na cha juu kwa bastola hizi, pengine nusu greni tu. Mtu anayejaza karibu na mwisho wa juu hana nafasi ya kuyumba.

Na ndani ya tundu dogo kosa lenyewe huelekea kukua, kwa sababu ya umbo la baruti. Ipo ya punje za mviringo, laini, inayotiririka kama mtama uliopepetwa. Mbinu ya kuitengeneza ilitoka kwa Fred Olsen katika kampuni ya Western Cartridge miaka ya 1930. Ipo ya vijiti, inayotumiwa zaidi kwenye bunduki. Na ipo ya vipande bapa, vidogo na vyembamba, upana wa milimita moja au zaidi kidogo. Bahati mbaya, baruti nyingi za bastola zinazowaka haraka, zile zinazofaa kwa mzigo mdogo, ni za vipande bapa. Vipande hivyo hulaliana, hushikana, hujenga daraja mdomoni mwa tundu, na chini yake hubaki uwazi. Mvuto huu unatoka pungufu. Mvuto unaofuata, daraja likishavunjika, unatoka na ziada.

Juu ya hayo kuna umeme tuli. Chombo cha plastiki kikisuguliwa siku kavu, hasa majira ya baridi huko Marekani nyumba zinapopashwa joto, vipande vya baruti huganda ukutani mwake kama vumbi kwenye kioo cha televisheni ya zamani. Watengenezaji huipaka baruti grafiti, ule unga mweusi kama wa penseli, kwa sababu hiyo, kati ya nyingine, lakini grafiti haimalizi tatizo.

Watengenezaji wa mashine wanajua haya yote, na kila mmoja ana jibu lake. Lee, kampuni ya Hartford, Wisconsin, iliuza kwa miaka mingi kipimia cha sahani zenye matundu: sahani nne, kila moja na matundu sita, kuanzia sentimita ya ujazo 0.30 hadi 1.57. RCBS imeuza kidogo kiitwacho Little Dandy, chenye rota 26 zinazobadilishwa, yaani vipande vya kuzungusha, kila rota na tundu moja lisilorekebishika. Dillon hutumia bamba linaloteleza, dogo au kubwa, na skrubu ya kupanua au kubana nafasi.

Chukua hilo tundu la 0.30 la Lee. Ukiweka baruti nyepesi ya vipande bapa, ambayo sentimita moja ya ujazo ina gramu 0.6 hivi, tundu linatoa greni 2.8 au karibu na hapo. Ukiweka baruti nzito ya punje, yenye gramu 0.95 kwa kila sentimita, tundu lilelile linatoa greni 4.4. Anayetaka greni tatu za baruti nzito, au greni moja na nusu za aina yoyote, ameishiwa na sahani. Hapo ndipo gundi ya epoksi na kekee vinapotolewa kabatini.

Hila ya kwanza na ya zamani ni kuliziba tundu na kulitoboa upya likiwa dogo. Wengine hawazibi, wanaingiza bomba jembamba la shaba ndani ya tundu lililopo. Kimsingi ni wazo zuri kuliko kuibana skrubu hadi mwisho wake, kwa sababu tundu lisilorekebishika haliwezi kulegea katikati ya kazi. Lakini umbo la tundu jipya lina mengi ya kusema.

Fikiria matundu mawili, yote ya sentimita ya ujazo 0.30. La kwanza lina mdomo wa milimita 8 na kina cha milimita 6. La pili lina mdomo wa milimita 6 na kina cha karibu milimita 10.6. Bamba linapoteleza, ukingo wake hukata kilele cha baruti, na ukataji huo kamwe hausawaziki kabisa. Tuseme juu panabaki tofauti ya milimita 0.2. Kwa tundu pana, tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 3 ya mzigo mzima. Kwa tundu jembamba haifiki asilimia 2. Ndiyo sababu kipimia cha RCBS cha Uniflow kina silinda nyembamba ya bastola mbali na ile nene ya bunduki. Basi tuseme jembamba ndilo bora? Si kwa vipande bapa, maana tundu likizidi wembamba daraja hujengeka kirahisi zaidi. Ukikimbia kosa la juu unaangukia kosa la chini. Fundi mzuri hutafuta katikati yake kwa kupima, na atakachokipata kwa baruti moja hakimfai kwa nyingine.

Halafu kuna gundi yenyewe. Baruti nyingi za bastola zina nitrogliserini, na hiyo hushambulia plastiki: ukiacha baruti kwenye chombo cha juu kwa wiki kadhaa utakuta ukuta umeingia rangi, na pengine umekwaruzika kama umemwagiwa tindikali. Kiraka cha gundi kilichokaa kwenye mazingira hayo, kikigongwa mara elfu na bamba, siku moja kitabanduka. Kikibanduka, tundu linarudi ukubwa wake wa zamani, na mzigo uliokuwa greni moja na nusu unakuwa karibu mara mbili, bila mashine kutoa mlio wowote. Kwangu mimi kiraka cha gundi peke yake hakitoshi. Bora sahani mpya iliyochongwa kwa chuma laini au shaba, au rota ya kununua.

Kulainisha ni hila ya pili, na hii sina ugomvi nayo. Mikwaruzo ya kiwandani ndani ya tundu na kwenye faneli hushika vipande, hivyo kusugua kwa msasa mwembamba kisha kusafisha vizuri husaidia. Watu pia hupitisha kilo kadhaa za baruti, wakiirudisha chomboni kila mara, ili grafiti yake ipake kuta. Ni kazi ya kuchosha lakini inazaa matunda. Kwa umeme tuli, wengine hufunga waya kutoka kwenye kipimia hadi kwenye presi ya chuma na kutoka hapo hadi ardhini, au hufuta plastiki kwa kile kitambaa cha kuwekwa kwenye mashine ya kukaushia nguo.

Kuna kibati kinachowekwa ndani ya chombo cha juu, chenye matobo machache, ili uzito wa baruti yote usikandamize ile iliyo karibu na tundu. Bila kibati, mzigo wa kwanza chombo kikiwa kimejaa hautakuwa sawa na ule wa chombo kikiwa robo. Kinagharimu karibu bure, na kinashinda nusu ya hila nyingine zote.

Inayovutia macho zaidi ni ya kutikisa. Wamarekani wamegundua kwamba pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, ikifungwa pembeni mwa kipimia, hutetemesha baruti na kuvunja madaraja. Kweli inafanya kazi. Tatizo ni kwamba mtetemo hushindilia pia. Baruti iliyotikiswa hukaa kwa msongamano zaidi, kwa hiyo tundu lilelile linatoa uzito mkubwa kuliko lilipopimwa pampu ikiwa imezimwa. Ukisimama kujibu simu huku pampu ikinguruma, mzigo wa kwanza utakaporudi ni mzito. Ukiizima ukasahau kuiwasha, ni mwepesi. Mwenye kutumia pampu lazima aipime mashine pampu ikiwa kwenye hali ileile ya kazi, na amwage ile mizigo michache ya mwanzo kila baada ya kusimama. Nao mkono wa mvutaji ni pampu ya aina yake: anayegonga mwisho wa mvuto mara moja, na anayegonga mara mbili, hawapati uzito mmoja.

Unajuaje sasa kama hila imesaidia? Mizani ya elektroniki ya nyumbani husoma kwa hatua za sehemu moja ya kumi ya greni. Ikikuonyesha 1.5, ukweli unaweza kuwa chini kidogo au juu kidogo, na kwa mzigo mdogo hicho kidogo si kidogo. Kwa hiyo wazoefu humwaga mizigo kumi kwenye kisahani kimoja, hupima jumla, hugawa kwa kumi. Wastani unapatikana vizuri. Lakini wastani huficha: mizigo mitano mizito na mitano myepesi hutoa wastani mzuri sana na risasi mbaya kumi. Ndipo unarudia mmoja mmoja pia, na kuangalia ule wa juu kabisa na ule wa chini kabisa, maana bastola haifyatui wastani.

Mizani nazo zina tabia zake. Feni ikiwa inapuliza chumbani, usomaji unacheza. Ukidondosha punje mojamoja, baadhi ya mizani za elektroniki hudhani ni kuyumba kwake zenyewe na kujirudisha, zikakuonyesha namba ileile huku baruti ikiongezeka. Suluhisho ni kuinua kisahani na kukirudisha kila mara, na kuwa na jiwe dogo la mizani linalokaribiana na uzito unaoupima. Kuikagua kwa jiwe la greni 300 ilhali unapima greni mbili hakukuambii mengi.

Yote hayo ni usahihi. Hatari kubwa ya mzigo mdogo iko kwingine: ganda lina nafasi tele. Ganda la bunduki lililojazwa mara mbili kwa bahati mbaya hufurika mezani na kila mtu akaona. Ganda la .38 Special lenye greni tatu za baruti nyepesi limejaa kama robo moja tu. Jaza mara mbili, lisifurike. Jaza mara tatu, bado. Na kwa mara mbili, kichwa cha risasi kwa kawaida kitakaa juu yake bila shida. Ganda hilo limeruhusiwa shinikizo la pauni 17,000 kwa kila inchi ya mraba kwa viwango vya SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani kilichoanzishwa 1926. Mzigo maradufu haupandishi shinikizo maradufu, hulipandisha kwa kasi kuliko hivyo, na silinda ya bastola huweza kupasuka.

Upande wa pili ni ganda lisilopata baruti, au lililopata chache mno kwa sababu daraja lilijengeka mdomoni mwa tundu. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu na kukiacha hapo. Mpiga shabaha husikia mlio hafifu, anadhani risasi ilikuwa dhaifu tu, anavuta tena. Kichwa cha pili kinakutana na cha kwanza, mtutu unavimba au unapasuka. Mlio wa ajabu ukisikika, silaha hushushwa, hutolewa risasi, na mtutu hukaguliwa kwa ufito. Wenye kujaza mizigo midogo hupanga maganda 50 kwenye ubao na kumulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kukaza kichwa. Mashine za kasi zina vifaa vya kengele vinavyopapasa kina cha baruti, lakini baruti inapokuwa tabaka jembamba kitakoni, tofauti ya kina nayo ni ndogo. Macho yanabaki.

Na kuna mpaka ambao hila ya mashine isiuvuke. Kupunguza baruti inayowaka polepole, ya bunduki kubwa, chini ya kiwango cha mtengenezaji kumehusishwa na shinikizo la ghafla lisilotarajiwa. Wataalamu wamebishana kuhusu chanzo chake kwa miongo mingi. Kampuni ya Hodgdon hutoa ruhusa maalumu kwa baruti yake ya H4895, kwamba inaweza kushushwa hadi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Ruhusa hiyo ni ya H4895, haihami kwenda kwa baruti nyingine kwa sababu tu mashine yako sasa inaweza kupima kidogo.

Ndiyo maana wakati mwingine ninayempongeza ni yule aliyeiacha mashine kama ilivyo akabadili baruti. Kampuni ya IMR iliwahi kutoa baruti iitwayo Trail Boss, punje zake zikiwa na umbo la andazi lenye tundu katikati, nyepesi na yenye kujaza nafasi, kwa ajili ya maganda makubwa ya zamani. Tundu la kipimia likawa kubwa, kosa la asilimia likapungua, na kujaza mara mbili kukawa kugumu kufichika. Mwingine hukata ganda kuukuu hadi urefu unaofaa, hulichomelea mpini wa waya, akachota mzigo mmojammoja kwa mkono. Polepole, ndiyo, lakini kichotio hakina daraja, hakina skrubu, na risasi hamsini za Jumamosi hazihitaji kiwanda.

Na hata baada ya kuupata uzito uliolingana hadi punje ya mwisho, ganda lililo nusu tupu lina neno lake. Ukiinua mtutu kabla ya kufyatua, baruti hulala kitakoni karibu na fataki. Ukiushusha, hukimbilia kwenye kichwa cha risasi. Kifaa cha kupimia mwendo wa risasi hutoa namba mbili tofauti kwa mizigo miwili iliyo sawa kabisa, na kwa baadhi ya baruti tofauti hiyo inazidi ile iliyokuwa ikisababishwa na kipimia kibovu. Wengine wa bunduki hujaza uwazi huo kwa sufi, ileile ya mito ya kulalia, au nyuzi za plastiki, na wapo waliokuta chemba ya bunduki imevimba mduara kama pete. Wa bastola wengi huchagua baruti isiyojali imelala wapi, wakaendelea na shabaha zao.